Umefunga?

Nimeshona kofia miaka kumi na tisa,
tundu kwa tundu, uzi juu ya uzi,
hadi macho yakadai haki yao
na bei ikawa ya kuhurumiana.
Ndipo Lali, niliyembeba mgongoni alipougua surua,
akanambia: Da Barke, vidole hivyo visilale.
Njoo nikufunze mabomba.

Siku ya kwanza nilibeba tu.
Paipu haipindi vichochoro vya Mkomani.
Kahindi mbele, mimi nyuma,
na kila tufikapo penye pembe:
"Kona!"
"Naiona!"
Akitokea punda wa mchanga
sisi ndio tunaorudi,
maana punda wa Lamu hajafunzwa kinyumenyume.

Spana ina meno, asema Lali. Usiisukume, ivute.
Ukisukuma ikateleza, ngumi yako itausalimu ukuta,
na ukuta wa matumbawe haupokei salamu,
unachuna.
(Nilisukuma. Kovu ninalo.)

Kisha tepu, nyeupe, nyepesi kama utando wa yai.
Nikacheka moyoni: uzi tena! Hapa nimefika kwetu.
Nikaviringa mizunguko saba,
safi kama ukingo wa kofia ya bwana arusi.
Lali akakaza mara moja
na yote ikajikunja, ikatoka kama ganda la kitunguu.
"Umezungusha kinyume. Fuata upande unaokazia."
Nikafumua bila kununa.
Asiyejua kufumua hajajua kushona,
hilo sikufunzwa na fundi bomba.

Ikaingia Ramadhani.
Nyumbani kwa Bi Zena, saa nane ya jua,
Lali chini, kichwa ndani ya kabati la sinki,
Kahindi katikati, ameshika ngazi,
mimi darini kando ya tangi,
ulimi umegandama kama gundi.
Sauti ikapanda kutoka chini:
"Da Barke! Umefunga?"

Swali gani hilo, nikawaza,
kuulizwa mtu mzima, mchana kweupe.
"Nimefunga, alhamdulillahi!"

Naye akalegeza kiungio.

Lita elfu moja hazishuki kwa adabu.
Nilisikia kwanza kishindo, halafu sufuria zikitembea,
halafu Lali akilitaja jina la mamake.
Na waya wa drili ulikuwa sakafuni.
Kahindi hakuyaingia maji.
Wengine tungekimbilia kumvuta mwenzetu;
yeye alikimbilia mlangoni, kwenye mita,
akazima umeme wa nyumba nzima kwa mkono mkavu,
ndipo akapaza: "Koki nyekundu! Kulia! Kulia, Barke!"
Nikaizungusha hadi ikanikatalia.

Nilipokuta wamenyamaza, Lali ameketi majini,
kanzu ya kazi imemganda mbavuni.
"Da Barke. Ulifunga nini?"
"Saumu."
Akacheka hadi akakohoa.
Lakini mikono yake ilitetemeka, niliiona,
nami yangu nikaificha ndani ya buibui.
"Na haya yaliyonipita kooni?" akauliza, hajui anamuuliza nani.
Bi Zena akajibu kutoka ngazini:
"Hukukusudia. Kauka, umalize sinki langu."

Sheria aliitunga Kahindi, asiyefunga:
taja kitu, taja jina lako, taja ulipo.
"Mai ya juu yamefungwa! Ni Barke! Niko kwenye koki!"
Na wa chini ayarudie yote, neno kwa neno,
kabla hajagusa spana.
Waya, tangu siku hiyo, hulala msumarini,
juu ya kichwa cha mrefu wetu.

Alasiri ile nilikikaza kiungio mwenyewe.
Tukafungua maji kidogo kidogo, tukipokezana majina,
nikapitisha kipande cha karatasi chini yake,
nikakirudisha kwenye mwanga wa dirisha.
Kikavu.
Nikapitisha tena, si kwa shaka,
kwa utamu tu.

Kesho yake alfajiri mama, kitandani, kwa sauti ya usingizi:
"Barke, umefunga?"
Nikasimama na kikombe mkononi.
"Nini, mama?"